Usalama wa mgonjwa na risechi: kozi za mtandaoni, masta au mradi wa wodini? Kwa tulioko Dodoma na jirani

Kila dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa swali ni lile lile na wanaouliza ni wale wale: nesi aliyekaa wodini miaka kadhaa, CO (tabibu) aliyechoshwa na foleni ya OPD (wagonjwa wa nje), mfamasia wa wilaya, mtu wa maabara. Anataka kujua mambo ya usalama wa mgonjwa, na anataka ajue kufanya risechi yenyewe, siyo kusomewa slaidi kwenye semina halafu chai na posho mnatawanyika. Sasa akasome masta, apige kozi za bure kwenye simu, au aanzishe kitu hapo hapo wodini kwake?

Niseme msimamo wangu mapema ili usiutafute huko chini. Kwa mtu aliyeko kazini, awe Dodoma mjini, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au hata Manyoni kule, mi ningeanza na mradi wa wodini, pembeni napiga kozi fupi za mtandaoni, masta naiacha mpaka niwe na swali lililonikaa kichwani. Wengi wanafanya kinyume, wanaenda masta kwanza halafu mwaka wa pili ndo wanaanza kuhangaika "nitafanya topiki gani", supavaiza anawapa yake, basi wanaimaliza na haina uhusiano wowote na wodi waliyotoka. Ila kuna watu ambao masta ndo sahihi kwao, nitawafikia.

Kabla ya kulinganisha inabidi tukubaliane tunapima nini. WHO wanaigawa risechi ya usalama wa mgonjwa kwenye hatua tano: kupima madhara yanayowapata wagonjwa kutokana na huduma, kuelewa yanatokana na nini, kutafuta suluhisho, kupima kama suluhisho limefanya kazi, na mwisho kuliingiza kwenye huduma ya kila siku libaki hata ukihamishwa. Kwa hiyo njia yoyote ukiletewa uliza inakufundisha hatua ipi. Kozi za mtandaoni zinakuelezea zote tano ila hazikufanyishi hata moja. Masta inakufanyisha ya kwanza na ya pili kwa undani kabisa, ya nne mara chache kwa sababu muda hautoshi. Mradi wa wodini unakufanyisha ya tatu na ya nne vizuri, lakini ile ya kwanza watu wanailipua, na ukishalipua ya kwanza hizo zingine zote zinaning'inia hewani.

Kozi za mtandaoni

Uzuri wake unajulikana. Unasoma ukiwa nait wagonjwa wametulia, bando la wiki linatosha, hakuna kuomba ruhusa kwa bosi. WHO wana mtaala wa usalama wa mgonjwa wa taaluma zote uliotoka 2011, una mada 11, kuanzia usalama wa mgonjwa ni nini mpaka maambukizi, upasuaji na usalama wa dawa, unaupakua bure. Walitoa pia kozi ya utangulizi ya risechi ya usalama wa mgonjwa, ina vipindi nane, na kwa mtu ambaye hajawahi kuandika proposo hata moja ile kozi inakufungua macho. IHI ya Boston, taasisi ya uboreshaji wa huduma za afya, nayo ina kozi zake za uboreshaji wa huduma na usalama, zimepangwa vizuri, mifano mingi tu ila ni ya hospitali za Marekani ambako mgonjwa ana bangili yenye barkodi na dawa inatoka kwenye mashine. Ukiisoma ukiwa kwenye wodi yenye vitanda 30 na nesi wawili itabidi utafsiri, na sizungumzii lugha, nazungumzia mazingira.

Ubaya wake ni kwamba vyeti vinarundikana. Mtu ana vyeti kumi na mbili kwenye simu lakini muulize "maambukizi ya vidonda baada ya upasuaji kwenu ni asilimia ngapi" anakuangalia. Halafu kama lengo lako ni pointi za CPD (za kujiendeleza kitaaluma) za kuhuisha leseni, angalia kwanza na baraza lako, TNMC kwa manesi na wakunga au MCT kwa madaktari, maana siyo kila cheti cha mtandaoni kinahesabiwa na inauma kumaliza saa nyingi halafu mfumo haukitambui.

Masta

Hapa Dodoma tuna bahati, UDOM ipo tangu 2007, wana masta za uuguzi, ukunga na afya ya jamii, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale pale kwao kwa hiyo unasoma na wagonjwa wako karibu. Ukitaka MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, ni Dar, na tangu SGR ifike Dodoma Julai 2024 kwenda na kurudi siyo mateso kama ya basi, ingawa nauli na kulala bado ni hela yako.

Kitu ambacho masta inakupa na huwezi kukipata kirahisi kwingine ni kukosolewa. Unaandika proposo, watu wanne wanakaa wanaichana mbele yako: sampuli hii umeipataje, kwa nini hujaweka kundi la kulinganisha, hili dodoso limepimwa wapi, hii p ndogo unaielewa au umeiandika tu. Inauma ila ndo shule yenyewe. Takwimu unazijifunza kwa kufanya, unakaa na SPSS au Stata mpaka usiku, na ukitoka unaweza kusoma chapisho la mtu ukaona lilipochechemea.

Nikupe mfano wa faida hiyo. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO ya 2008, yenye vipengele 19, ambayo iko ukutani karibu kila tieta, ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ni Ifakara, hapo hapo kwetu Morogoro, mingine ikiwa kina London, Seattle, Toronto na New Delhi. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtu wa kozi ya mtandaoni anakariri hizo namba. Mtu wa masta anauliza: walilinganisha kabla na baada, hospitali ambazo hazikupewa orodha ziko wapi, na je hakuna kitu kingine kilichobadilika katikati? Haimaanishi orodha haifai, inafaa sana, ila hilo swali ndo linakutofautisha na msomaji wa kawaida.

Sasa upande wa pili. Ni miaka miwili hivi, ada ni milioni kadhaa, na mwajiri anaweza kukupa ruhusa lakini ruhusa haimaanishi analipa. Mwaka wa kwanza madarasa, wa pili utafiti, na huo utafiti kwa kubanwa na muda karibu kila mtu anakimbilia dodoso: "uelewa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu" weka chochote. Jamani hizi tumechoka nazo. Ukimuuliza nesi kwenye karatasi kama ananawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa atajibu ndiyo, nani atajibu hapana? Umepima adabu yake ya kujaza fomu, mgonjwa hujamgusa. Kama unaenda masta kwa ajili ya usalama wa mgonjwa, pigania topiki inayohesabu kitu kilichompata mgonjwa au kilichofanyika kitandani kwake.

Mradi wa wodini

Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndo watu wanapadharau. Msingi upo tayari. 5S (hatua tano za kupanga sehemu ya kazi) na Kaizen (kuboresha kidogo kidogo bila kuacha) zilianzia Mbeya 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, zikasambaa nchi nzima, kwa hiyo hospitali nyingi zina timu ya uboreshaji, QIT, na chini yake timu ndogo za vitengo, WIT. Tatizo sehemu nyingi tumeishia kwenye S za mwanzo, kupanga makabati na kubandika lebo, wageni wakija wanapigwa picha. Kaizen yenyewe, ya kuchukua tatizo moja na kulihesabu, inabaki kwenye faili la matroni.

Mradi mzuri unaanza na swali dogo mno. Usiseme "kuboresha usalama wa dawa". Sema: mgonjwa wa wodi ya wanaume aliyeandikiwa antibayotiki ya sindano, je dozi yake ya usiku anapewa ndani ya saa moja ya muda uliopangwa? Hilo linahesabika. Au leba: kutoka daktari aseme huyu aende kisu mpaka kisu kiguse ngozi zinapita dakika ngapi? Au: kati ya damu zilizotundikwa mwezi huu, ngapi zina saini za watu wawili waliohakiki jina na grupu?

Halafu unafika kwenye uchaguzi ndani ya uchaguzi, utahesabuje. WHO walitoa mwongozo 2010 wa hospitali zenye kumbukumbu duni, yaani umeandikwa kama vile walitutembelea, na una njia tano: kupitia mafaili ya zamani, kupitia mafaili ya waliolazwa sasa hivi, kuwahoji wahudumu kuhusu wagonjwa waliopo wodini, kuangalia kwa macho kinachofanyika, na kuwakusanya watu wapendekeze na kupigia kura matatizo makubwa. Nilinganishe tatu ambazo utazitumia kweli.

Mafaili ya zamani. Ni rahisi, hakuna wa kubembeleza zaidi ya mtu wa masjala, unaweza kufanya jioni. Utafiti mkubwa wa jarida la BMJ wa 2012 ulifanyika hivi, mafaili 15,548 kwenye hospitali 26 za nchi nane, Kenya ikiwemo, sisi hatukuwemo. Wakakuta asilimia 8.2 ya waliolazwa walipata madhara yaliyotokana na huduma yenyewe, na ya hayo asilimia 83 yangeweza kuzuilika. Kwa hiyo njia inafanya kazi. Ila inategemea faili lina nini. Chukua karatasi ya dawa ya siku nne zilizopita, itazame karibu: ukikuta saini za asubuhi, mchana na usiku zote wino mmoja, mwandiko mmoja, zimelala mstari mmoja zimenyooka kama zimepigwa rula, hapo karatasi inasema dozi zimetolewa asilimia mia na wewe unajua kabisa mtu alikaa mwisho wa shifti akajaza zote kwa mpigo. Faili halijakwambia dawa ilitolewa lini, limekwambia tu kwamba karatasi imejazwa. Rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) namba 12 ya leba nayo hivyo hivyo, safu ya alama za mtoto (Apgar) imejaa 8 na 10 kuanzia juu mpaka chini ya ukurasa, kila mtoto mzima, ajabu.

Kuangalia kwa macho. Hii inatoa ukweli zaidi ila inakula muda, na watu wakikuona umeshika kalamu wanabadilika, mikono inanawiwa mpaka sabuni inaisha. Dawa yake ni kukaa sana, siku za mwanzo usizihesabu, waache wakuzoee, na usiangalie saa za raundi tu, nenda saa tisa usiku. Na uamue kabla: ukiona nesi anakaribia kumchoma mgonjwa dawa siyo yake utafanya nini? Unamzuia, hakuna mjadala, data baadaye. Liandike kabisa kwenye proposo.

Kuwahoji wahudumu kuhusu wagonjwa waliopo leo. Hii ndo naipenda kwa wodi zetu. Unamfuata nesi wa zamu na kitanda kwa kitanda unauliza, huyu wa namba 7 kuna kitu kimemtokea ambacho ugonjwa wake haukukileta? Dripu imetoka nje ya mshipa mkono ukavimba, kidonda cha mgongo, dawa iliisha stoo akakaa siku mbili bila. Nesi anajua mambo ambayo hakuna faili litayabeba. Sharti lake moja tu, asiogope. Na hapa niseme ukweli, kuna sehemu nimefanya kazi ambapo ripoti ya kosa ilikuwa inageuka barua ya kujieleza ndani ya siku hiyo hiyo, unadhani mwezi uliofuata nani aliripoti? Kwa hiyo kabla hujaanza kaa na matroni na mganga mfawidhi mkubaliane kwa maandishi: fomu haina jina la mhudumu wala la mgonjwa, ina namba tu, na haiendi kwenye kamati ya nidhamu. Wakikataa hilo badilisha swali, chagua kitu kisichomgusa mtu mmoja mmoja, mfano muda wa kusubiri damu.

Ukishapata namba zako usilinganishe mbili tu, kabla na baada. Tuseme dozi za usiku zilizochelewa zilikuwa 40 kati ya 100 na baada ya mabadiliko zikawa 30, unashangilia, kumbe zilikuwa zinapanda na kushuka hivyo mwaka mzima. Hesabu kila wiki, weka nukta kwenye karatasi ya manila chumba cha manesi, angalau wiki kumi kabla hujagusa kitu, halafu ndo ubadilishe halafu uendelee kuweka nukta. Hiyo grafu inafundisha takwimu kuliko slaidi mia, na kila mtu wa wodi anaisoma akiwa anakunywa chai.

Kasoro ya njia hii ni upweke. Hakuna wa kukuchana kama kule masta, unaweza kukosea hesabu miezi sita na hakuna anayekuambia. Tafuta mtu mmoja anayejua, mhadhiri UDOM au St John's, mtu wa QIT ya mkoa, hata mwanafunzi wa masta anayetafuta data. Huyo wa mwisho ni dili nzuri, ye ana takwimu we una wodi, ila andikeni mapema jina la nani linakuja wapi kwenye chapisho, maana urafiki mwingi umefia hapo.

Kuna njia ya katikati

Inaitwa SORT IT, kozi ya kufanya risechi ukiwa kazini, ilianza 2009 na The Union (shirika la kifua kikuu) na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), baadaye ikabebwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyoko WHO. Unaingia na swali lako la kazini, moduli ya kwanza unatoka na proposo, inayofuata unatoka na mpango wa data na uchambuzi, ya mwisho unatoka na chapisho la kutuma kwenye jarida. Ukikosa kumaliza hatua kwa tarehe yake unatoka kwenye kozi, hakuna "naomba niongezewe". Ni kali lakini ndo maana watu wanachapisha. Ugumu wake, nafasi chache, ushindani mkubwa, na mara nyingi mada inapangwa na mfadhili: kifua kikuu, malaria, usugu wa antibayotiki. Kama swali lako ni la antibayotiki jaribu bila aibu.

Vibali, kwa kifupi

Mradi wa ndani wa kuboresha wodi yako unahitaji baraka za mganga mfawidhi. Ukiwa na nia ya kuchapisha, kibali cha maadili kinatafutwa KABLA ya kukusanya data, kwenye kamati ya chuo au ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), huwezi kukiomba kinyumenyume. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kazi Mei 2023, habari ya kupiga picha faili la mgonjwa na kulirusha kwenye grupu la WhatsApp la wodi "kwa ajili ya risechi" achana nayo kabisa.

Haya, nani achukue nini

Una chini ya miaka mitatu kazini na hujawahi kuandika proposo: kozi ya vipindi nane ya WHO, halafu swali moja dogo la wodini. Usilipe hela yoyote bado.

Inchaji au mtu wa QIT: mradi, moja kwa moja, una mamlaka ambayo mwanafunzi wa masta anaililia. Wiki kumi za nukta halafu tuongee.

Unataka kufundisha chuo, au unalenga wizarani Mtumba pale, au umeshafanya miradi miwili ukagundua hesabu zinakushinda: hapo masta, na nenda na data yako mkononi, supavaiza mwenyewe atakutafuta. Mfamasia nakuweka hapa pia kwa sababu makosa ya dawa yanahitaji takwimu nzito kidogo.

Na wa zahanati, kituo chenu watu watatu, wagonjwa wa kulazwa hakuna, msijione mmeachwa. Mafaili ya kuchambua hamna ila mna fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo vituo vingi imekaa droo ya chini haijawahi kuguswa. Itoe, kila mgonjwa anayerudi na upele, kizunguzungu au kutapika baada ya dawa mliyompa jaza na tuma, kopi moja baki nayo. Baada ya mwaka zipange kwa dawa na kwa toleo (namba ya batch) lililoandikwa kwenye kopo, ukiona malalamiko yamejikusanya kwenye toleo moja, mpigie mfamasia wa wilaya siku hiyo hiyo.